Anza Nchani

Maji huja Alhamisi hapa Umoja, yakipenda.
Leo Jumamosi tuna jerikeni mbili na nusu,
na Syombua kakaa kati ya magoti yangu
juu ya kigoda cha mama yake,
shingo kaikaza kama anayesubiri sindano.

Mama yake yuko zamu, wadi ya watoto, hadi asubuhi.
Ameniachia maagizo nyuma ya risiti ya stima:
Usichane kavu. Usivute.
Anza nchani, ndipo upande.
Na chini, kwa herufi kubwa: USIHARAKISHE.

Mimi ni fundi wa nyaya.
Nimefungua mafundo kwenye dari za watu,
gizani, jasho machoni,
panya akinitazama kama mwenye nyumba.
Lakini waya haulii.
Waya haugeuki ukauliza, "Baba, unajua kweli?"

Sijui. Nauliza vidole.

Parachichi tulilinunua jana Mutindwa,
lile lililoiva hadi muuzaji akaona haya kulipanga mbele,
akatuachia kwa shilingi kumi.
Naliponda kwa uma, natia kijiko cha mafuta ya nazi.
Syombua anachovya kidole, anaramba,
anasema limekosa chumvi.
Kuna jingine kabatini. Hilo tutalitia mkateni.

Fungu kwa fungu.
Nyunyiza maji, paka, bana shina kwa mkono mmoja
ili uchungu usipande utosini,
halafu chanuo la meno mapana, taratibu,
nchani, juu kidogo, nchani tena.
Fundo linashikilia. Naliacha.
Nalirudia. Linaachia lenyewe,
nami naona fahari
kuliko siku niliyowasha jengo zima la ghorofa sita.

Ndunge hana nywele za panja.
Nilimkuta hivyo, nikadhani ni umbile.
Baadaye akanieleza: dawa ya kulainisha, darasa la nne,
shangazi akihesabu dakika,
jirani akaingia na umbea, hesabu ikapotea.
Iliunguza. Akaambiwa urembo ni kuvumilia.
Kisha misuko ya Kenyatta Market, myembamba kama uzi,
imekazwa hadi nyusi zikapanda
kama za mtu aliyeshtuliwa na habari,
wiki nzima akimeza vidonge vya kichwa.
Hajawahi kumlaumu mtu.
Ila siku Syombua alipozaliwa, kichwa cheusi tii,
aliweka kidole hapo pembeni, kwenye panja,
akakaa nacho hivyo, muda mrefu.

Ndiyo maana sivuti.

Suuza. Maji ya kwanza yaende ndoo ya choo,
ya pili tummwagie mshubiri
ulio kwenye kopo la rangi pale roshani;
jani lake tutalikata Jumamosi ijayo.
Kausha kwa fulana ya pamba, si taulo.
(Hilo nalo limo kwenye risiti.
Fulana yenyewe, kwa maoni yangu, ilikuwa bado nzima.)

Napasua njia katikati, nafunga mabutu mawili.
Syombua anashika kioo.
"Baba, njia imepinda."
"Imefuata barabara ya kwetu."
Anafikiri.
"Na mashimo?"

Usiku namfunga kitambaa cha satini,
bitana ya koti la Gikomba
ambayo Ndunge aliifumua akaishona upya kwa mkono.
Koti lilivaliwa na nani, kwenye baridi ya wapi, hatujui.
Sasa bitana yake inalinda mabutu mawili,
moja kubwa kuliko lingine.

Saa moja asubuhi ufunguo unagusa mlango.
Hata viatu hajavua.
Anafunua kitambaa, anapitisha kidole,
panja la kulia, panja la kushoto,
polepole, kama anayesoma.
"Umeacha fundo moja kisogoni," ananong'ona.

Najua.
Lilikataa.
Nimeliachia leo.